Kifungu Kilichopita Katikati ya Makofi: Kisa cha Miswada Mitatu ya Julai 2017

Ntaka Hill iko Nachingwea, mkoani Lindi, na ardhini mwake mna nikeli. Julai 2024 Serikali ya Tanzania ilikubali kuilipa kampuni ya Australia, Indiana Resources, dola milioni 90 za Marekani ili kumaliza kesi ya eneo hilo. Mwaka mmoja nyuma, baraza la usuluhishi chini ya kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji kule Washington lilikuwa limeamua kampuni hiyo ilipwe dola milioni 109.5, riba ikiwamo. Oktoba 2023 kampuni ya Canada, Winshear Gold, ilikuwa imeshakubaliana na Serikali ilipwe milioni 30 kwa mradi wake wa dhahabu wa kusini magharibi mwa nchi. Novemba 2024 ikafuata Montero, ya Canada pia, milioni 27 kwa madini adimu ya Wigu Hill, Morogoro. Jumlisha: dola milioni 147.

Kesi zote tatu zina mzizi mmoja. Kila kampuni ilikuwa na kile kilichoitwa leseni ya kuhodhi, yaani ruhusa ya kulishikilia eneo lenye madini bila kulichimba kwanza, na aina hiyo ya leseni ilifutwa na sheria iliyopitishwa Dodoma tarehe 4 Julai 2017, kwa hati ya dharura, siku chache tu baada ya muswada wake kuonekana hadharani.

Ukimuuliza Mtanzania anakumbuka nini kuhusu wiki ile atakuambia makinikia (mchanga wa madini), makontena na Magufuli. Mwenye kumbukumbu nzuri zaidi atakutajia Profesa Mruma na Profesa Osoro. Leseni ya kuhodhi hataitaja. Kwa hiyo kisa hiki nitakifuata kuanzia kwenye kifungu ambacho hakuna aliyekipigia makofi wala kukizomea, kwa sababu naamini ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi Bunge linapoteza nini linapoweka kanuni zake pembeni.

Twende nyuma kidogo. Mapema Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha mchanga wa madini nje ya nchi. Baadaye mwezi huohuo Rais John Magufuli alitinga bandarini Dar es Salaam bila taarifa na kukuta makontena ya mchanga huo. Yalipokusanywa kwenye hesabu moja yakawa 277. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyouchunguza mchanga huo, ilisoma ripoti yake Ikulu, televisheni zikirusha moja kwa moja: kila kontena lina wastani wa kilo 28 za dhahabu. Acacia, kampuni yenye makontena, ikakana. Siku hiyohiyo Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, akaondolewa. Tarehe 12 Juni kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikaja na hesabu ya miaka karibu 20: nchi imepoteza zaidi ya shilingi trilioni 108. Siku mbili baadaye mwenyekiti wa Barrick, kampuni mama ya Acacia, John Thornton, alikuwa ameketi Ikulu na Rais.

Nieleze hali ya hewa ya siku zile, maana bila hiyo kisa hakieleweki. Watu walikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na sababu zake. Wengi wetu tulikua tukisikia kwamba dhahabu inatoka Geita na Kahama na tunachobakiwa nacho ni mashimo. Mwaka 2007 Zitto Kabwe alisimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa baada ya kuhoji mkataba wa Buzwagi uliosainiwa London. Mwaka 2008 Tume ya Jaji Mark Bomani ikatoa ripoti yake, na mwaka 2010 ikapatikana Sheria mpya ya Madini. Bado watu waliona ng'ombe ni wao lakini maziwa wanakunywa wengine. Kwa hiyo Serikali iliposema sasa tunaleta sheria ya kurudisha mali kwa mwenyewe, nani angesimama aseme ngoja kwanza tusome?

Miswada yenyewe ilikuwa mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa Mamlaka ya Nchi kuhusu Umiliki wa Maliasili. Wa pili, wenye jina refu kidogo, ulikuwa wa Mapitio na Majadiliano kuhusu Masharti Hasi katika Mikataba ya Maliasili za Nchi. Wa tatu ulikuwa na jina la kusinzisha: Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Ilitangazwa mwishoni mwa Juni. Mkutano wa Bajeti, ambao kwa desturi hufungwa tarehe 30 Juni, Spika Job Ndugai akautangaza kuongezwa hadi tarehe 5 Julai ili miswada hiyo ipate nafasi. Miwili ya kwanza ilipita usiku wa Jumatatu, tarehe 3. Wa tatu ukapita Jumanne, tarehe 4. Rais akaitia saini Julai hiyohiyo, nayo ikawa Sheria Na. 5, Na. 6 na Na. 7 za mwaka 2017.

Sasa tuingie jikoni.

Kwa njia ya kawaida, muswada wa Serikali hutangazwa kwanza kwenye Gazeti la Serikali, na kanuni zinataka zipite angalau siku 21 kabla haujaingizwa bungeni. Ukishaingia husomwa Mara ya Kwanza, na kusomwa huko ni kwa jina tu: Katibu anasimama, anataja jina la muswada, anakaa. Kisha Spika anaupeleka kwenye kamati. Kamati inaita wadau, inahoji wizara, inarudi na maoni. Kwa desturi muswada hulala hapo mpaka mkutano unaofuata, ndipo husomwa Mara ya Pili, ukajadiliwa, na Bunge likakaa kama Kamati ya Bunge Zima kupitia ibara moja moja. Mwisho, Mara ya Tatu.

Njia za kukatiza hapo ni mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni hati ya dharura: karatasi iliyosainiwa na Rais ikieleza kwamba muswada huu ni wa haraka. Ikishakuwapo hati hiyo, siku zile za kutangazwa gazetini hazihesabiwi tena. Ya pili ni kutengua kanuni. Hapa waziri anasimama na kuanza, "Mheshimiwa Spika, kwa kuwa..." zikifuatana kwa kuwa tatu au nne, halafu, "Hivyo basi, Bunge linaazimia kwamba...", anataja kanuni zinazotenguliwa na kwa ajili ya jambo gani, anamaliza na, "Naomba kutoa hoja." Wabunge kadhaa wanasimama kuunga mkono. Spika anawahoji. Kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge, utakuta mistari miwili ndani ya mabano: (Hoja ilitolewa iamuliwe), (Hoja iliamuliwa na kuafikiwa). Basi. Mara nyingi hutumika kwa mambo madogo, kama kukaa siku ya Jumamosi, kupitisha saa za kawaida au kumruhusu mgeni aingie ukumbini, na hakuna mwenye akili atakayelalamikia hilo. Kanuni zisizoweza kutenguliwa zingelifunga Bunge mikono hata siku nyumba inaungua.

Ila angalia jambo moja katika hati ya dharura. Mwenye kuisaini ni Rais, ambaye muswada unatoka serikalini kwake. Na muswada ukishapita unakwenda kwa Rais ausaini uwe sheria. Mkono unaosema "hii ni haraka" na mkono unaosema "nimekubali" ni mmoja. Kilichobaki katikati ni Bunge, na Bunge ndilo lililopunguziwa muda. Na usitegemee mahakama iingilie. Ibara ya 100 ya Katiba inasema kutakuwa na uhuru wa mawazo, majadiliano na utaratibu katika Bunge, na kwamba uhuru huo "hautavunjwa wala kuhojiwa na chombo chochote katika Jamhuri ya Muungano au katika Mahakama au mahali penginepo nje ya Bunge." Kwa hiyo mlinzi wa kanuni za Bunge ni Bunge lenyewe.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2015, wiki ileile ya mwanzo wa Julai, Bunge chini ya Spika Anne Makinda lilipitisha miswada mitatu ya mafuta na gesi kwa hati ya dharura: wa petroli, wa usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na wa uwazi katika tasnia ya uziduaji (uchimbaji wa madini, mafuta na gesi). Wapinzani walipinga kuburuzwa, vikao vikavurugika, baadhi yao wakasimamishwa, miswada ikapita bila wao. Siku chache baadaye Bunge likavunjwa kupisha uchaguzi. Halafu, miaka miwili kamili baadaye, ule muswada wa tatu wa 2017 ukaja kuirekebisha, pamoja na sheria nyingine, Sheria ya Petroli ya 2015. Sheria iliyopitishwa kwa dharura ikarekebishwa kwa dharura. Mshonaji aliyekata kitambaa bila kupima hurudi dukani, na safari ya pili anakuwa na haraka zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu harusi imekaribia.

Tuseme na la upande wa pili, maana lipo na lina uzito. Serikali ilikuwa inaingia kwenye mazungumzo na kampuni kubwa yenye mawakili wa kila bara. Mazungumzo na Barrick yalianza rasmi tarehe 31 Julai 2017, akiyaongoza Profesa Palamagamba Kabudi, Waziri wa Katiba na Sheria. Kukaa mezani ukiwa tayari na sheria inayosema Bunge linaweza kupitia mkataba na kutaka masharti hasi yajadiliwe upya, na kwamba mshirika akitaarifiwa kuna siku 90 za majadiliano, ni tofauti kabisa na kukaa mezani ukiwa na kifua tu. Ukitangaza muswada kama huo wiki tatu kabla, unampa mwenzako wiki tatu za kuzunguka kwenye milango ya watu. Sioni haya kukiri kwamba hoja hiyo inanigusa. Na Bunge halikufunga milango kabisa: kamati zilikaa na kuwasikiliza wadau, japo kwa siku za kuhesabu vidoleni, na baadhi yao, wakiwamo wa upande wa kampuni za madini, waliomba muda zaidi.

Na matokeo upande huo yalionekana. Januari 2020 mkataba ulisainiwa Ikulu Dar es Salaam, ikazaliwa Twiga Minerals, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16 katika kampuni hiyo na katika migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300 kumaliza madai ya nyuma. Mtu anaweza kusema milioni 300 ni kidogo mno ukilinganisha na zile trilioni za Ikulu au yale madai ya kodi ya dola bilioni 190 aliyopewa Acacia mwezi uleule wa Julai 2017. Atakuwa sahihi. Lakini kabla ya hapo hisa hizo hazikuwapo.

Kwa hiyo tukiishia kwenye miswada miwili ya kwanza, mimi ningeshindwa kuilaumu sana hati ya dharura. Ilikuwa mifupi, ilisema jambo moja moja, na mbunge aliyepewa asubuhi angeweza kuisoma yote hadi jioni na kujua anachokipigia kura. Mwenye kupinga, alipinga akijua. Mwenye kuunga mkono, vivyo hivyo.

Tatizo lilikuwa wa tatu.

Muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali ni kapu. Unatia humo kipande cha sheria hii, mstari wa sheria ile, neno la sheria nyingine. Kuusoma huwezi kuusoma peke yake. Ukikuta umeandikwa kwamba kifungu fulani cha Sheria ya Madini kinafutwa, inabidi uwe na Sheria ya Madini mkono wa pili, ufungue kifungu hicho, uone kilikuwa kinasema nini, kisha utafute vifungu vingine vinavyokitaja. Safari hii kapu lilibeba mambo makubwa kwelikweli. Mrabaha, yaani malipo ya Serikali kwa madini yanayochimbwa, kwa dhahabu, shaba na fedha ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6. Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuchangia mtaji katika kila mgodi wenye leseni ya uchimbaji wa kati au mkubwa. Tume ya Madini ikaundwa na vyombo vya zamani vikaondolewa. Sheria ya Petroli ikaguswa, na za kodi pia. Na humo ndani, kwenye marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2010, vifungu vya leseni ya kuhodhi vikafutwa.

Leseni ya kuhodhi ni nini? Chukua kampuni iliyotafuta madini miaka sita au saba, ikachoronga, ikapeleka sampuli maabara, ikayaona. Inapiga hesabu, inakuta bei ya nikeli imeanguka, au madini yako mahali pasipo umeme wala reli, au teknolojia ya kuyachenjua bado. Kuchimba leo ni hasara. Sheria ya 2010 ilimruhusu mtu huyo aombe kulihodhi eneo kwa muda usiozidi miaka mitano akisubiri mambo yakae sawa. Upande mmoja inaeleweka: bila hiyo, nani atatumia mamilioni kutafuta kitu atakachonyang'anywa bei ikishuka? Upande mwingine ni mlango wa walanguzi: unakalia eneo, hulichimbi, unalinadi kwenye soko la hisa la Toronto au Sydney, na kijana wa Nachingwea anaangalia kilima tu. Serikali kutaka kuufunga mlango huo ilikuwa haki yake.

Swali lilikuwa moja, na ni la kiufundi, la kuchosha, la watu wa kamati: walioko ndani tayari tunawafanyaje? Waliopewa leseni mwaka 2015 kwa sheria halali, muda wao haujaisha, je, wamalizie? Wapewe miezi kadhaa waombe leseni ya kuchimba? Walipwe fidia? Waandishi wa sheria wana jina la vifungu vya namna hiyo: masharti ya mpito. Yanakaa mwishoni mwa muswada, hayana jina tamu, na hayaingii kwenye hotuba ya mtu yeyote. Ndiyo yanayotofautisha kufuta utaratibu na kutwaa mali ya mtu.

Jibu lilikuja Januari 2018, nalo halikutoka bungeni. Kanuni za haki za madini zilizotungwa na wizara chini ya sheria hiyo zilisema leseni zote za kuhodhi zilizokuwa zimetolewa zimefutwa, na maeneo yamerudi serikalini. Desemba 2019 Tume ya Madini ikatangaza zabuni, ikiwaalika wengine waombe kuyaendeleza maeneo hayo. Hapo mawakili walipata walichokihitaji. Tanzania ilikuwa na mkataba wa kulinda uwekezaji na Uingereza, ambako Indiana ilikuwa na kampuni tanzu, tangu 1994, na mwingine na Canada tangu 2013. Mikataba hiyo inasema nchi ikitwaa mali ya mwekezaji imlipe fidia, na inampa mwekezaji haki ya kwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Sheria Na. 5, ile ya mamlaka ya nchi, ilikuwa imetamka kwamba migogoro ya maliasili itaamuliwa na vyombo vilivyo ndani ya Tanzania. Washington haikusikia. Sheria ya ndani haiufuti mkataba uliosainiwa na nchi nyingine, hata ipigiwe makofi namna gani.

Rudi sasa kwenye ukumbi ule wa Dodoma na ufikirie Kamati ya Bunge Zima inavyokwenda. Spika ameshuka kwenye kiti chake cha juu, sasa anaitwa Mwenyekiti. Katibu anasoma: Ibara ya 1, Ibara ya 2, Ibara ya 3. Mwenyekiti anahoji, wanaitika. Ibara yenye mabadiliko inapitishwa kama ilivyo kwenye Jedwali la Marekebisho la Serikali, ambalo siku za haraka mbunge hulipata mezani pake wakati mjadala umeshaanza. Mwandishi wa Hansard anaandika ndani ya mabano, tena na tena: (Ibara zilizotajwa hapo juu zilipitishwa na Kamati ya Bunge Zima bila mabadiliko yoyote). Ukipata bahati ya kukaa na kuzisoma Hansard za miswada mbalimbali kwa mfululizo, utaona kitu: katika miswada iliyokaa kwenye kamati miezi miwili, kurasa za hatua hii huwa na mabishano ya maneno madogo, "au" iwe "na", "anaweza" iwe "atatakiwa". Katika miswada ya dharura, kurasa hizi zinateleza kama mtu aliyekaa kwenye ganda la ndizi.

Jambo jingine nisilopenda kuliruka. Ukumbi wenyewe ulikuwa pungufu. Mwezi mmoja kabla, tarehe 2 Juni, mjadala wa bajeti ya Nishati na Madini uliishia kwa mbunge wa upinzani John Mnyika kutolewa nje. Tarehe 5 Juni wapinzani wenzake, Halima Mdee na Ester Bulaya, wakasimamishwa hadi Bunge la Bajeti la mwaka uliofuata. Kosa lao lilihusu fujo za siku ile, halikuhusu miswada hii, ambayo ilikuwa bado haijaletwa. Na sidai kwamba mmoja wao angeisimamia leseni ya kuhodhi. Huenda wangepiga kelele za mambo mengine kabisa. Lakini anayesoma muswada kwa nia ya kuukwamisha husoma mpaka ukurasa wa mwisho. Anayeusoma kwa nia ya kuupitisha hana sababu ya kufika huko.

Majirani wetu waliwahi kulipeleka jambo la namna hii mahakamani. Desemba 2014, baada ya mauaji ya watu 28 kwenye basi na 36 kwenye machimbo ya mawe, yote Mandera, Bunge la Kenya lilipitisha muswada wa marekebisho ya sheria za usalama katika kikao maalumu cha tarehe 18. Karatasi zilichanwa, maji yakamwagwa, wabunge wakashikana mashati mbele ya Spika Justin Muturi, na Rais Uhuru Kenyatta akausaini kesho yake. Nao ulikuwa kapu: sheria nyingi ndani ya muswada mmoja. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walikataa kuiangusha sheria nzima kwa sababu ya muda mfupi wa kuwasikiliza wananchi au vurugu za ukumbini; waliona kwa mazingira yale ushirikishwaji ulitosha. Walichofanya ni kuvichomoa vifungu vinane kimoja kimoja, kikiwamo kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Yaani kazi ya ibara kwa ibara ambayo ilipaswa kufanywa na wabunge ilifanywa na majaji, miezi miwili baadaye. Kwetu ilifanywa na wasuluhishi wa kigeni, miaka sita baadaye, na bili ikaja kwa dola.

Nimeshakubali kwamba Na. 5 na Na. 6 zilikuwa na sababu ya haraka: kulikuwa na mazungumzo mlangoni. Sasa nipime haraka ya Na. 7 kwa kalenda tu.

Tuseme Rais hakusaini hati ya dharura kwa muswada ule wa tatu. Umetangazwa mwishoni mwa Juni. Siku 21 zinaisha karibu na tarehe 20 Julai. Kamati inakaa nao Agosti nzima. Mkutano uliofuata wa Bunge ulianza Septemba 2017, kwa hiyo ungesomwa na kupita mwezi huo. Umechelewa kiasi cha wiki kumi. Mrabaha wa asilimia 6 ungekosekana kwa wiki hizo kumi, na hilo ni pato halisi, silidharau. Ingawa mrabaha ungeweza kukatwa na kuwekwa peke yake kwenye muswada wa kurasa mbili ukapita Julai bila kumsumbua mtu.

Yaliyobaki yalisubiri nini? Januari 2018 Rais Magufuli alipokuwa akimwapisha Doto Biteko kuwa Naibu Waziri wa Madini, alilalamika hadharani kwamba sheria imepita tangu Julai lakini kanuni zake bado hazijasainiwa, akataka hadi Ijumaa ya wiki ile ziwe tayari. Zikatoka ndani ya siku chache. Tume ya Madini, iliyoundwa kwa hati ya dharura, mwenyekiti wake Profesa Idris Kikula aliteuliwa Aprili 2018, miezi tisa baada ya Bunge kukesha kuipitisha.

Kanuni zile zilizosainiwa kwa kukimbizwa mwezi Januari ndizo zilizozifuta leseni za Ntaka Hill, za Winshear na za Wigu Hill.